Maktaba Jumapili: Mlango Usifungwe Tena

Tangu muhula wa kwanza maktaba ya umma ya mtaa wetu hapa Eastlands, Nairobi, imekuwa ikifunguliwa Jumamosi kutwa, na Jumapili kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Si hayo tu. Jumamosi saa nne watoto wadogo husimuliwa hadithi, alasiri kuna sataranji na mjadala, na Jumapili ya mwisho wa mwezi washairi chipukizi hughani tungo zao. Wako wanaopiga vigelegele na wako wanaonung'unika. Mimi nimo katika kundi la vigelegele, ingawa nina neno na pande zote mbili.

Hebu tukumbuke ilivyokuwa. Maktaba ilifunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi mwisho saa sita. Sasa, mwanafunzi wa shule ya kutwa hutoka darasani saa kumi. Akimaliza usafi na michezo, ni saa kumi na moja kasorobo. Hata akitimua mbio kama swara atamkuta bawabu anatikisa funguo: "Kesho, kijana." Na kesho ni vivyo hivyo. Yaani maktaba ilikuwa wazi wakati sisi tumo darasani, na sisi tukitoka, yenyewe inafungwa. Hivi, ilikuwa ya nani hasa?

Nauliza kwa sababu jiji hili lina historia ya milango ya maktaba. Ile ya McMillan, pale Banda Street, yenye simba wawili wa mawe mlangoni, ilifunguliwa mwaka wa 1931. Kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliyejua kusoma aliishia kuwatazama wale simba. Leo hakuna anayeulizwa rangi yake, ashukuriwe Mola. Lakini aliyefungiwa nje na saa amefungiwa nje vilevile. Na tusiambiwe kwamba jambo hili haliwezekani, kwani huko Garissa, mwaka wa 1996, shirika la maktaba za taifa, KNLS, lilianza kuwapakia ngamia masanduku ya vitabu ili viwafikie wafugaji. Ikiwa kitabu kilipandishwa ngamia kumfuata msomaji, kumngojea Jumapili ndani ya nyumba ya matofali ni kazi gani?

Wenzetu wa bweni huenda wasielewe kwa nini tunashangilia hivi. Ngoja niwaeleze. Kwetu ni chumba kimoja, na tu watu sita. Katikati kuna pazia: huku kitanda, huku jiko na meza. Meza ni moja, ndiyo ya chakula, ya kupigia pasi na ya hesabu zangu. Jumamosi mamangu hukatia mboga hapo, wadogo zangu hucheza chini yake, na jirani wa kulia ana redio isiyojua kwamba kuna mtihani. Usiku ukifika, baba amechoka, anataka taa izimwe. Si ukatili, ni uchovu. Sasa niambie, ndugu msomaji, insha itaandikwa saa ngapi? Mimi nasema hivi: kiti kimoja na kimya cha saa nne Jumapili vinanifaa kuliko masomo ya ziada ya kulipia.

Turudi kwa wanaonung'unika. Mtahiniwa mmoja aliniambia, "Bwana, hiyo sasa si maktaba, ni Gikomba!" Anakereka na makofi ya watoto wakati yeye anapambana na kemia. Ana haki. Hadithi bila makofi na vicheko si hadithi, lakini ukumbi wa kusomea bila kimya nao si ukumbi wa kusomea. Dawa ipo, na ni rahisi: kuna chumba cha nyuma ambacho kimejaa viti vibovu na magazeti ya kale. Kisafishwe, watoto na washairi wahamie huko. Kumfukuza mtoto wa miaka saba ili mtahiniwa apate nafasi itakuwa kosa kubwa, maana huyo mtoto ndiye mtahiniwa wa kesho.

Wapo pia wasemao ati Jumapili ni siku ya ibada. Saa nane ibada nyingi zimekwisha. Isitoshe, wenzetu Wasabato Jumamosi hawawezi kuja. Jumapili ndiyo yao.

Neno langu kwa kundi letu la vigelegele ni hili. Mkutubi ametuambia waziwazi kwamba mpango huu ni wa majaribio hadi mwezi wa Desemba. Stima ya Jumapili inalipiwa, bawabu analipwa, na mkutubi mwenyewe ana watoto nyumbani ambao wangependa kumwona. Chini ya Katiba ya 2010 maktaba za mitaani ni jukumu la kaunti, na kaunti itataka hesabu. Hesabu hiyo inatoka wapi? Katika daftari la mlangoni, na katika vitabu vinavyoazimwa. Jumapili iliyopita nilihesabu vichwa 41 ukumbini. Daftarini mlikuwa na majina 17. Wengine walipita tu, mkoba begani, wakakaa na madaftari yao ya shule, wakaondoka bila kugusa hata kitabu kimoja cha rafuni. Kitabu nilichoazima mimi, kile kijikaratasi cha tarehe nyuma yake kilikuwa na mihuri miwili tu! Afisa akiyatazama hayo atasema nini? Atasema hakuna wasomaji, na mlango utafungwa, tena kwa ushahidi wetu wenyewe.

Basi, tia jina. Azima kitabu, hata kiwe chembamba. Na kwa wanachama wenzangu: wasimulizi wa hadithi za watoto ni wawili tu, na mmoja anahama mwezi ujao. Karatasi ya kujiandikisha imebandikwa kwenye ubao wa chama, kando ya ofisi ya mwalimu mlezi. Ina nafasi nane. Hadi naandika haya, zimejazwa tatu.