London bila kufilisika: Jinsi ya kuingia kwenye kumbi za michezo

KILA msimu wa mahafali unapokaribia, barua za aina moja hunijia kutoka kwa wazazi. Mtoto anahitimu chuo kikuu kule London, mzazi amepata viza ya wiki mbili, na baada ya sherehe angependa kuwapeleka jamaa zake mahali ambapo watapakumbuka hadi uzeeni. Wengi huulizia ile michezo ya kuigiza yenye nyimbo na ngoma ambayo hutangazwa ubavuni mwa mabasi mekundu ya mji huo. Je, ni ya mabwanyenye pekee? Mtu aliyeuza ng'ombe ili alipe nauli anaweza kuthubutu kuingia?

Naam, anaweza, mradi ajue jambo moja ambalo wageni wengi hulijua wakiwa wamekwisha kutoa pesa. Kule London, watu wawili wanaweza kutazama mchezo mmoja, usiku mmoja, chini ya paa moja, ilhali mmoja amelipa mara tano ya alicholipa mwenzake. Tofauti hiyo huletwa na kiti, siku na mahali tikiti iliponunuliwa. Hayo matatu ndiyo tutakayoyazungumzia leo.

Mtaa wa michezo

Sehemu yenye kumbi hizo huitwa West End. Iko katikati ya mji, karibu na vituo vya treni ya chini ya ardhi vya Piccadilly Circus, Leicester Square na Covent Garden. Kumbi zenyewe ni takriban 40, na nyingi zimekaribiana kiasi kwamba unaweza kuzizunguka kwa miguu alasiri moja. Kutoka kituo cha Leicester Square hadi Covent Garden ni mita 300 hivi tu. Usipoteze nauli ya treni hapo, tembea.

Kongwe kati ya zote ni Theatre Royal Drury Lane. Michezo imekuwa ikionyeshwa mahali hapo tangu mwaka wa 1663, ingawa jengo la sasa lilifunguliwa mwaka wa 1812. Hata kama huna tikiti, ni vyema kupita na kutazama sura ya majengo haya na picha zilizobandikwa nje.

Kuchagua mchezo

Wenye watoto wadogo aghalabu huanza na The Lion King, ambao umekuwa katika ukumbi wa Lyceum tangu mwaka wa 1999. Ni hadithi ile ile ya filamu ya mwaka wa 1994, lakini jukwaani wanyama huundwa kwa vinyago na vikaragosi vinavyobebwa na waigizaji wenyewe. Twiga hutembea mbele ya macho yako, na unamwona wazi mtu aliye ndani yake, ila baada ya dakika chache unamsahau mtu na kubaki na twiga. Sisi tuna faida ya ziada katika mchezo huu. Waingereza hudhani Simba, Rafiki na Pumbaa ni majina tu. Mtoto wako ndiye atakayecheka kuliko wote ukumbini akisikia fisi akiitwa Shenzi.

Vijana wa vyuo na watu wazima wajaribu Les Misérables, uliotokana na riwaya ya Mfaransa Victor Hugo ya mwaka wa 1862. Unasimulia habari za Jean Valjean, aliyeiba mkate na kuishia kukaa gerezani miaka 19. Mchezo huu ulipoanza London mwaka wa 1985, wahakiki wengi wa magazeti waliuponda. Watu hawakuwasikiliza, wakajaa tele, na umedumu hadi leo. Sasa uko katika ukumbi wa Sondheim. Mwaka uliofuata ukaja The Phantom of the Opera, ambao uko katika ukumbi wa His Majesty's. Wapenzi wa nyimbo za ABBA wana Mamma Mia!, ulioanza mwaka wa 1999.

Asiyependa nyimbo ana The Mousetrap, mchezo wa upelelezi ulioandikwa na Agatha Christie. Ulianza Novemba 1952, na isipokuwa wakati wa janga la korona mwaka wa 2020 na 2021, haujapumzika. Hakuna mchezo wa kuigiza duniani uliodumu kuushinda. Mwishoni watazamaji huombwa wasimtaje muuaji watokapo nje, kwa hivyo hata mimi humu gazetini sitamtaja.

Tahadhari moja: usifuate orodha aliyokupa mjomba wako aliyesoma huko zamani. Cats, uliopendwa sana, ulifungwa London mwaka wa 2002. Miss Saigon ulitoka Drury Lane mwaka wa 1999. Hakikisha mchezo ungalipo kabla ya kuwaahidi watoto.

Kiti na bei yake

Kumbi nyingi za West End ni majengo ya kale yenye ghorofa tatu au nne za viti. Vile vya chini, mbele ya jukwaa, kwenye tikiti vimeandikwa Stalls. Ghorofa ya kwanza huitwa Dress Circle au Royal Circle. Juu yake kuna Upper Circle au Grand Circle, na katika baadhi ya kumbi kuna Balcony, karibu kabisa na dari.

Katika michezo mikubwa, kiti cha juu kabisa kinaweza kuuzwa kwa chini ya pauni 40, huku kiti bora cha usiku uo huo kikipita pauni 150. Tufanye hesabu ya baba, mama na watoto wawili. Wakikaa mbele kabisa, watalipa pauni 600 au zaidi, na kwa kuwa pauni moja ni zaidi ya shilingi 150, hizo ni zaidi ya Sh90,000. Wakipanda juu na kulipa pauni 35 kila mmoja, jumla ni pauni 140. Pauni 460 zinazobaki zitatosha chakula na matembezi ya siku kadhaa.

Isitoshe, kiti ghali si lazima kiwe kizuri. Mtoto mfupi akiwekwa Stalls nyuma ya mtu mrefu ataona kisogo jioni nzima, ilhali safu ya mbele ya ghorofa ya kwanza au ya pili huona jukwaa lote. Soma pia maandishi madogo. Ukiona maneno Restricted View, jua kuna nguzo au ukingo unaoziba sehemu ya jukwaa. Mwanafunzi anaweza kuvumilia nguzo kwa ajili ya bei. Mzee aliyesafiri usiku kucha hapaswi kufanyiwa hivyo. Na kama magoti ya nyanya yanamsumbua, usimpandishe Balcony, kwani ngazi ni nyingi na nyembamba.

Siku nayo ina bei yake. Michezo mingi huonyeshwa mara nane kwa wiki. Jumamosi usiku ndiyo ghali zaidi. Katikati ya juma huwa nafuu, hasa maonyesho ya alasiri ambayo huanza saa nane na nusu au karibu na hapo. Kwa walio na watoto, saa za alasiri ndizo bora, kwa sababu maonyesho ya usiku huanza saa moja na nusu na huweza kumalizika saa nne au baadaye. Michezo mingi pia haiwaruhusu watoto walio chini ya miaka mitatu, kwa hivyo uliza kwanza.

Wazazi watakaosafiri likizo ya Agosti waulizie mpango uitwao Kids Week. Katika michezo inayoshiriki, mtoto mmoja huingia bure akiandamana na mtu mzima aliyelipa kiingilio kamili. Ile familia yetu ya watu wanne hapo italipia watu wawili tu.

Mahali pa kununua

Hapa ndipo wengi hulia. Njia salama ni kununua kwenye dirisha la ukumbi wenyewe au katika tovuti yake rasmi. Ukienda dirishani utaweza kumwomba karani akuonyeshe ramani ya viti.

Pili, katika uwanja wa Leicester Square kuna kibanda kiitwacho TKTS, kinachoendeshwa na chama cha wenye kumbi za London. Kimekuwepo tangu mwaka wa 1980 na huuza tikiti za siku hiyo na za siku chache zijazo, nyingi zikiwa zimepunguzwa bei. Hutapata kila mchezo, na ile inayovuma sana huwa adimu, lakini mtu asiye na mchezo mmoja moyoni ataondoka na kitu. Kumbuka kwamba si kila duka la karibu lenye bango la nusu bei ndilo kibanda hicho.

Tatu, michezo mingi hutenga viti vichache vya bei ya chini kwa siku yenyewe, au huviuza kwa bahati nasibu kupitia simu ya mkononi. Wanafunzi ambao ratiba zao hazibani ndio wanaofaidi zaidi.

Sasa kuhusu walanguzi. Ukifuatwa barabarani na mtu mwenye tikiti mkononi, endelea na safari yako. Tikiti za siku hizi hupimwa kwa mashine mlangoni, na iliyoghushiwa au iliyouzwa mara mbili hukataliwa papo hapo. Hebu fikiria watoto wamevaa nguo zao mpya, wimbo wa kwanza unasikika kutoka ndani, nao wako nje wanakuuliza kwa nini. Hata mtandaoni wapo wanaonunua tikiti na kuziuza tena kwa bei ya juu mno. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Wenye mfuko mwepesi

Kwa mwanafunzi anayehesabu kila senti, nitamtuma ng'ambo ya mto Thames, katika ukumbi wa Shakespeare's Globe. Ule wa asili ulijengwa mwaka wa 1599, ukaungua mwaka wa 1613 baada ya mzinga uliofyatuliwa katikati ya mchezo kuwasha paa la makuti. Wa sasa, ulio karibu na pale pa asili, ulifunguliwa mwaka wa 1997. Hauna paa katikati, na hapo kwenye uwanja watu wapatao 700 hutazama wakiwa wamesimama. Kwa miaka mingi kusimama kuligharimu pauni 5, na hata leo ni nafuu kuliko sinema nyingi za mji huo. Beba koti la mvua, kwani mwavuli hauruhusiwi.

Ukisimama pale, kumbuka kwamba lugha yako imekwisha kusikika jukwaani humo. Mwaka wa 2012 Globe ilialika michezo 37 ya Shakespeare katika lugha 37, na waigizaji kutoka Kenya wakaigiza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili.

Adabu za ukumbini

Suti si lazima. Nguo safi inatosha. Fika nusu saa mapema, kwa sababu mlango ukishafungwa unaweza kuzuiwa hadi pawe na nafasi ya kukuingiza. Usije na masanduku ya safari, na usinunue tikiti ya usiku ule ule unaotua Heathrow, la sivyo utalipia usingizi. Zima simu. Na hata kama wimbo unaujua, waachie waigizaji. Utapiga makofi mwishoni hadi viganja viwake moto.

Wapo wenzetu walioishi London miaka kumi, wakapita mbele ya kumbi hizi kila siku wakienda kazini, wasiingie hata mara moja kwa kudhani hazikujengwa kwa ajili yao. Mlangoni hakuna anayeuliza mshahara wako. Huulizwa tikiti tu, na sasa unajua pa kuipata.

Tukijaliwa, tuonane Jumapili ijayo.