Cherehani Bila Posho

Kila mara wanafunzi wa zamani wakikutana huulizana tuwafanyie nini vijana wasio na kazi. Na jibu karibu daima ni lile lile: tununue vyombo. Cherehani, randa na misumeno, pengine pikipiki. Picha hupigwa, watu hupeana mikono, kisha kila mtu huenda zake. Sisemi vyombo ni vibaya. Nasema si hapo kazi inapoanzia.

Tazameni Kibenga yetu. Nyumba kubwa za kando ya Ziwa Tanganyika hulisha zamu, wapishi, wafua nguo na waashi. Ziwa lilipofurika mwaka 2021, na tena 2024, maji yaliingia majumbani. Mwenye nyumba akihama, zamu wake hupoteza mshahara siku hiyo hiyo. Haya, mpe zamu huyo cherehani. Watoto wake watakula nini wakati yeye anajifunza kushona na kutafuta wateja? Ataiuza, nasi tutamwita mvivu. Hiyo ni hukumu ya mtu aliyeshiba.

Shirika la Concern Worldwide la Ireland lililifahamu jambo hili. Katika mpango wake ulioitwa Terintambwe, yaani "piga hatua", ulioanza katika miaka ya 2010 huko Kirundo na Cibitoke, familia maskini hazikupewa mtaji peke yake. Zilipewa pia fedha za kula kila mwezi, zikafundishwa kuweka akiba katika vikundi, na mtu wa shirika akazitembelea nyumbani. Mtaji ukapata nafasi ya kukua kabla njaa haijaumeza.

Wako watakaosema kwamba fedha mkononi huharibu watu. Basi nawaomba watazame kaskazini ya Uganda. Mwaka 2008 mpango wa serikali uliosaidiwa na Benki ya Dunia uliwapa vijana, kwa vikundi, dola karibu 380 kwa kila mtu, wala hawakusimamiwa baadaye. Wengi walilipia ufundi na kununua vyombo. Baada ya miaka 4 mapato yao yaliwazidi wenzao wasiopewa kwa asilimia 38. Ni kweli kwamba baada ya miaka 9 wenzao walikuwa karibu wamewafikia. Lakini kutangulia miaka kadhaa si jambo dogo kwa mtu mwenye watoto.

Tena kuna vizuizi ambavyo chombo hakiviondoi. Machi 2022 serikali ilikataza pikipiki, baiskeli na bajaji kupita sehemu kubwa ya mji wa Bujumbura. Kijana aliyenunuliwa pikipiki na wafadhili mwezi wa Februari alibaki na pikipiki, hakubaki na kazi. Ukosefu wa petroli uliofuata sina haja ya kuueleza. Sote tulipanga foleni.

Kwa hiyo, kabla mchango wa safari hii haujatumiwa, watu wawili waende kuwauliza vijana wenyewe: ni nini kinachokuzuia? Mmoja atasema hana karangamuntu. Mwingine ni mama, hana wa kumwachia mtoto. Majibu ya namna hii hayapendezi katika picha, lakini ndiyo ya kulipiwa kwanza. Na kila atakayepewa chombo apewe posho ya miezi 6 pamoja nacho. Ikiwa fedha zetu zatosha cherehani kumi, tununue tano.