Maombi ya uponyaji yasipojibiwa: kwa nini mgonjwa ndiye anayebebeshwa lawama?

Kila siku ya Jumapili, katika makanisa mengi ya Goma, Bukavu, Butembo, Uvira na Bunia, kunakuwa saa ya ushuhuda. Aliyepona malaria kali anasimama. Mama aliyekaa miaka mingi bila kuzaa anasimama na mtoto mgongoni. Watu wanapiga makofi na kuimba, na ni haki yao kufurahi. Lakini kuna wengine wanaobaki wameketi: mama mwenye kansa ya titi, baba ambaye mtoto wake wa SS amelazwa tena, mwanamke anayekunywa dawa za virusi vya ukimwi kwa siri. Hao nao waliomba, walifunga, walikesha, waliwekewa mikono. Ugonjwa ukabaki.

Kuhusu watu hao tunazungumza kidogo sana. Mara nyingi mjadala unaishia kwenye swali kama maombi yanaponya ao hayaponyi. Mkristo wa hapa kwetu amekwisha kulijibu swali hilo: anaamini Mungu anaponya. Swali lililo na uzito zaidi ni hili: mtu akiombewa na asipone, wachungaji, mapadri na ndugu wa kanisa wanamwambia nini? Katika mashariki ya Kongo jibu la swali hilo linaweza kumfanya mtu aendelee na dawa ao aziache.

Chumba cha maombi kiko karibu, hospitali iko mbali

Tusianze kwa kuwacheka wanaokimbilia vyumba vya maombi. Katika nchi yetu familia nyingi zinalipa matibabu kutoka mfukoni. Bima ya afya haijawafikia wengi kama mkulima wa Masisi ao muuza mihogo wa Kadutu. Mgonjwa akipona bila kulipa, anaweza kuzuiliwa hospitalini mpaka ndugu wachange deni. Mama anayefikiria hayo yote kabla ya kumpeleka mtoto, tena usiku, hatuwezi kumwita mjinga akimpeleka kwanza kwa mchungaji wa jirani ambaye mlango wake uko wazi.

Vita imezidisha hali hiyo. Tangu Goma iingie mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari, mabenki yalifunga, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na pesa ikawa shida. Mwanzoni mwa mwaka huohuo Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya msaada wake wa nje, ambao ulikuwa unabeba mzigo mkubwa wa dawa na huduma za afya katika nchi yetu. Wakati dawa inakosekana, maombi ndiyo yanabaki bila kulipiwa. Angalau pale ambapo hakuna anayedai sadaka ya mbegu kwanza.

Kwa hiyo kanisa limekuwa, kwa wakaaji wengi, mlango wa kwanza wa afya. Neno linalosemwa kwenye mlango huo linabeba uzito kuliko tangazo lolote la wizara.

Tuliyoyaona wakati wa Ebola

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tarehe 1 Agosti 2018, serikali ilitangaza mlipuko wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini, kuanzia upande wa Mangina, karibu na Beni. Ulikwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 3.470 kuhesabiwa kuwa wagonjwa na 2.287 kufariki katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na sehemu ndogo ya Kivu ya Kusini.

Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa katika mji wa Goma, mwezi wa Julai 2019, alikuwa mchungaji. Alikuwa ametoka Butembo kwa basi, na huko Butembo alikuwa amehubiri na kuwawekea mikono waumini, wakiwemo wagonjwa. Alifariki. Siku tatu baada ya ugonjwa wake kuthibitishwa, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitangaza Ebola ya mashariki ya Kongo kuwa dharura ya afya ya dunia nzima.

Hatusemi hayo ili kumhukumu marehemu. Watu wengi waliambukizwa pia ndani ya vituo vya afya, na wauguzi walikufa. Alifanya kazi ambayo mchungaji anaitwa kuifanya: alikwenda kwa wagonjwa. Lakini virusi havikumpita kwa sababu ya utumishi wake. Na kama mtumishi wa Mungu mwenyewe anaweza kuugua na kufa akiwa katika kazi ya Mungu, basi ugonjwa hauwezi kuwa kipimo cha imani ya mtu. Mwaka wa 1995 masista sita wa Kiitalia walikufa kwa Ebola katika eneo la Kikwit, baada ya kuwatunza wagonjwa. Ni nani atakayesema walikosa imani?

Upande mwingine, Ebola ilionyesha kwamba maombi na dawa vinaweza kutembea pamoja. Makanisa mengi yaliacha kupeana mikono, yakaweka ndoo za maji na klorini mlangoni, yakawaita waumini kupokea chanjo. Na moja ya dawa mbili zilizookoa maisha ya wagonjwa katika mlipuko ule ilitokana na damu ya Mkongomani aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, kazi ambayo Profesa Jean-Jacques Muyembe alishiriki. Mtu mmoja alipona, na kupona kwake kukawa dawa ya wengine miaka zaidi ya 20 baadaye. Muumini akitaka kuita jambo hilo mkono wa Mungu, hakuna daktari atakayemkataza.

Biblia haifichi wagonjwa ambao hawakupona

Wanaofundisha kwamba kila mwenye imani lazima apone wanaruka kurasa nyingi za Biblia waliyoshika mkononi. Paulo, ambaye Matendo ya Mitume yanasema aliponya wengi, aliomba mara tatu aondolewe mwiba wa mwili wake, na haukuondolewa. Alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa. Timotheo alikuwa na shida ya tumbo na kuugua mara kwa mara. Paulo hakumwambia aongeze imani, alimshauri anywe divai kidogo, ambayo kwa wakati ule ilikuwa dawa. Na Luka, mwenzake wa safari, alikuwa daktari.

Wanafunzi wa Yesu walipoona kipofu tangu kuzaliwa, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye ao wazazi wake. Yesu alikataa swali lenyewe. Alifanya vilevile kuhusu watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu: hawakuwa wakosefu kuliko wengine. Na katika kitabu cha Ayubu, wale rafiki waliokuja kumweleza kwamba mateso yake yanatoka kwa dhambi ya siri ndio ambao Mungu aliwakasirikia mwishoni, hakumkasirikia mgonjwa aliyelalamika.

Mwisho kabisa, kuna Yesu mwenyewe katika bustani ya Gethsemane. Aliomba kikombe kimwepuke. Hakikumwepuka. Mkristo anayeamini kwamba ombi lisilojibiwa ni ushahidi wa imani ndogo, atasema nini juu ya ombi hilo?

Mafundisho hayo si mapya katika makanisa yetu. Wakatoliki wana sakramenti ya mpako wa wagonjwa, ambayo haiahidi kupona kwa mwili kila mara, inaomba nguvu na amani. Mwaka wa 2000 Vatikani ilitoa maagizo juu ya ibada za kuombea uponyaji: ilizikubali, lakini ikazikataza kugeuka tamasha na kelele za kushtua watu. Waprotestanti nao wanasoma barua ya Yakobo, ambapo mgonjwa anaita wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Katika njia zote mbili, kanisa ndilo linalokwenda kwa mgonjwa, na mgonjwa hadaiwi mtihani wa imani.

Kimbangu na Mukwege

Historia ya Kongo pia ina la kusema. Simon Kimbangu alianza kuponya wagonjwa huko Nkamba mwezi wa Aprili 1921, na maelfu wakamfuata. Wabelgiji walimkamata mwezi wa Septemba mwaka huohuo. Alifungwa miaka 30, na alifariki mfungwa huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951. Mtu anayejulikana kuliko wote kwa uponyaji katika nchi hii hakutoka gerezani. Waumini wake hawakusema kwamba Mungu alimwacha.

Huku kwetu tuna Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Ameeleza mara nyingi kwamba, akiwa mtoto mdogo, alimsindikiza baba yake kumwombea mtoto mgonjwa. Akamwuliza baba kwa nini anaomba tu bila kutoa dawa. Baba alimjibu kwamba yeye si daktari. Mtoto akaamua kuwa daktari, ili mmoja aombe na mwingine atibu. Mwezi wa Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, ambako alikuwa anafanya kazi, ilishambuliwa na wagonjwa wakauawa vitandani mwao. Mwaka wa 1999 hospitali ya Panzi ikafunguliwa, chini ya kanisa la CEPAC. Baba yake mchungaji hakuona aibu kusema pale ambapo kazi yake ilikuwa na mpaka. Watumishi wengi wa leo wanashindwa kusema neno hilo moja.

Neno "huna imani" linafanya nini mwilini

Tatizo, basi, si maombi. Tatizo ni lile neno linalokuja baada ya maombi. Mgonjwa akiambiwa kwamba imani yake ndiyo ndogo, atatafuta njia ya kuonyesha kwamba ni kubwa. Na njia iliyo rahisi kuonekana ni kuacha dawa.

Anayekunywa dawa za ARV akiziacha, virusi vinaanza kupanda tena katika damu baada ya majuma machache tu, hata kama mwili unajisikia vizuri. Mama mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto. Mgonjwa wa kifua kikuu anatakiwa kunywa dawa kwa kawaida miezi sita. Kikohozi kikikoma mwezi wa pili na akatangaza ushuhuda, anaweza kurudi na kifua kikuu sugu na kukiambukiza kwa wanaoimba naye kwaya. Mwenye ugonjwa wa sukari anayeishi kwa insulini akiiacha, siku chache zinatosha kumwua.

Kwa watoto wa SS lawama ni mbaya zaidi. Ugonjwa huo unatoka kwa wazazi wote wawili, kila mmoja akimpa mtoto sehemu yake bila kujua. Lakini mtoto anayeugua kila mara, anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa, mwenye macho ya manjano, ni rahisi kuitwa mchawi. Ni vema wanaofanya hivyo wajue kwamba Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu kosa hilo kwa kifungo. Jina la mchungaji ao nabii halimwondoi mtu mbele ya sheria hiyo.

Kanisa linaweza kufanya nini sasa

Makanisa ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti yanasimamia sehemu kubwa ya hospitali na vituo vya afya vya nchi. Maana yake watu wa kuwauliza wako ndani ya kanisa lenyewe. Wachungaji na wauguzi wa dhehebu moja wanaweza kuketi pamoja na kukubaliana mambo machache. La kwanza: anayeombewa asiambiwe kamwe kuacha dawa; akiamini amepona, arudi kupimwa, na daktari ndiye aseme dawa ikome. La pili: mtoto mwenye homa apelekwe kwenye kituo cha afya siku ileile, kwa maana Kongo ni nchi ya pili duniani, baada ya Nigeria, kwa wagonjwa wa malaria, na malaria haingoji mkesha wa Ijumaa uishe. La tatu: wachumba washauriwe kupima damu juu ya SS kabla ya ndoa. La nne: sehemu ya sadaka isaidie kulipa deni la mgonjwa aliyezuiliwa hospitalini.

Serikali, na kila anayetawala sehemu yoyote ya mikoa yetu, haiwezi kujificha nyuma ya makanisa. Kuwalaumu watu kwa kukimbilia maombi bila kuwapa hospitali wanayoweza kuilipa ni kuwalaumu mara mbili.

Inabaki saa ya ushuhuda. Hakuna anayetaka ifutwe. Lakini mama mwenye kansa ambaye bado anakuja kanisani kila Jumapili, na maumivu yake, baada ya miaka miwili ya maombi, naye ana jambo la kushuhudia. Aitwe naye mbele, apewe kipaza sauti, na asiulizwe ni dhambi gani aliyoificha. Kisha mmoja amsindikize Jumatatu kwenda hospitalini.