Bei ya Dhahabu Haipangi Mshahara wa Meneja wa Vihatarishi

Imeandikwa kwamba mshahara wa meneja wa vihatarishi vya fedha migodini hupanda na bei ya dhahabu, na vyeti humalizia. Hoja hiyo inavunjikia Kahama. Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha makinikia (mchanga wa madini uliokolezwa) nje ya nchi; migodi ya huko ya Bulyanhulu na Buzwagi, iliyoyategemea sana, ikabanwa, na Julai mmiliki wake, Acacia, akaletewa madai ya kodi ya dola bilioni 190. Mgodi wa Geita, unaouza dhahabu iliyokwisha kuyeyushwa kuwa mikuo, haukuguswa na katazo hilo. Soko lilikuwa moja, bei moja.

Kinacholipwa, basi, ni ukubwa wa hasara ambayo mtu huyo anaweza kuizuia, na kama bodi inamsikiliza. (Asiyesikilizwa ni karani ghali tu.) Nitaambiwa: nani angelitabiri katazo? Hapakuhitajika mtabiri. Kazi ya meneja ni kuuliza mapema kampuni itahimili miezi mingapi makontena yakizuiwa bandarini, na mapatano yatagharimu nini. Januari 2020 Barrick, iliyokuwa imeichukua Acacia, ilitia saini mapatano hayo: dola milioni 300, na asilimia 16 ya hisa za migodi kwa Serikali.