Nap ya Nani, Uvivu wa Nani?

Jamaa wa ofisi Nairobi akifumba macho saa nane mchana, ati amechukua "power nap". Tunampa heko. Mpakiaji wa mahindi kule mpakani Suam, aliyeanza kubeba magunia saa kumi alfajiri, akijilaza dakika 20 kivulini mwa lori, huyo ni mvivu. Ala! Usingizi ni uleule, umepigwa pasi na Kiingereza tu.

Na si eti Kiswahili kimekosa neno. Kuna kunyoosha mgongo, kuna lepe la usingizi. (Ule mzito wa usiku tumwachie pono, samaki wa Pwani.) Kwa hivyo bosi, dereva wako akiomba lepe kabla ya kushika usukani kuelekea Kitale, mpe. Usingoje aliite nap.