Ngoma ya Babu Si Chuma Chakavu

Aina mbili za watu huniudhi panapozungumzwa ala kuukuu za muziki. Wa kwanza ni broka, anayeingia nyumbani kwa mjane, akagonga dramu kwa kidole kama anayepima tikiti maji, kisha akasema, "Hii imekwisha, mama. Mimi nakusaidia tu kutoa takataka." Wa pili ni mlinzi wa urithi, huyu wa mitandaoni, ambaye akisikia mjane anataka kuuza hupiga kelele: aibu, mnauza historia yetu! Wa kwanza anadanganya kuhusu bei. Wa pili hajawahi kulipa bei yoyote.

Nayasema haya kwa sababu dramu zenyewe ziko kwetu. Babu yangu alipiga muziki katika bendi za hoteli za ufuoni Mombasa miaka ya 1970. Seti aliinunua ikiwa tayari mtumba, kutoka kwa bendi iliyovunjika, akailipa kidogo kidogo kwa mshahara wa usiku. Alipofariki aliiacha chumba cha nyuma chini ya shuka: dramu kubwa ya kukanyaga, tomu mbili, sneya na matoazi mawili. Bibi ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na paa linavuja. Broka alimwahidi shilingi 4,000 kwa sneya na matoazi. "Hayo mapipa mengine," akasema, "fugieni kuku."

Hebu tuanze na huyu broka.

Kabla ya kubishana kitu kiuzwe au kisiuzwe, jueni kwanza ni kitu gani. Kazi yenyewe haihitaji digrii. Mimi chuo nilikiacha njiani, na niliifanya kwa alasiri moja, kwa tochi ya simu na bisibisi. Unaanza na beji, kile kibati kidogo ubavuni. Yetu ilisema Premier, imetengenezwa Uingereza. Premier ni kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1922, ikahamia Leicester baada ya kiwanda chake kupigwa mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kama yako ni Ludwig ya Marekani, za miaka ya 1960 zina beji ya rangi ya shaba yenye umbo la lile jiwe la juu ya tao. Zilizofuata, kuanzia karibu 1970, zina beji ya samawati na kijani cha zeituni.

Lakini beji hung'oka na kuhamishwa, kwa hiyo usiishie hapo. Fungua ngozi umulike ndani. Mbao ni tabaka ngapi? Zipo pete za mbao za kuimarisha juu na chini? Kuna muhuri, namba, mwandiko wa penseli? Matundu ya skrubu ni ya kiwandani au fundi alitoboa mengine baadaye? Rangi ya nje inafanana dramu zote, au moja ilizaliwa kwingine? Tazama na matoazi. Yetu yana chapa ya Zyn, ambayo ilikuwa chapa ya Premier wenyewe. Vitu vinavyotoka nyumba moja vikikutwa pamoja hutoleana ushahidi. Ndiyo maana broka hupenda kununua kipande kimoja kimoja: akishaitawanya seti, hakuna shahidi tena.

Na sasa ile hoja iliyomtisha Bibi. Mimi sikuwepo, nilisimuliwa. Broka alikuja na ngozi mpya ya plastiki ya inchi 14, akajaribu kuivisha sneya, ikakataa kuingia. "Waona? Mbao imefura kwa unyevu. Haifai." Waliokuwepo wakaamini, maana Mombasa unyevu hula hata kufuli. Ukweli ni kwamba hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 Premier walitengeneza mizinga ya dramu mipana kidogo kuliko kipimo kinachotumika sasa duniani kote. Ngozi ya leo haiingii kwa sababu ngoma ni ya zamani, si kwa sababu imeharibika. Wapo mafundi ng'ambo wanaotengeneza ngozi za kipimo hicho kwa oda. Kile kile alichokiita kasoro ndicho kilichotuambia umri wake. Sijui kama alikuwa mjinga au mwongo, na kwa Bibi haikuwa na tofauti: shilingi 4,000 ni 4,000.

Si ati tumekalia dhahabu. Hili nalo lisemwe, maana kuna binamu zangu walioshaanza kuhesabu ploti. Uingereza, seti ya Premier ya miaka hiyo huuzwa kwa mamia ya pauni. Ikiwa safi na rangi yake ni adimu, hupita pauni elfu. Hapo bado hujatoa gharama ya kuisafirisha. Ni pesa za kutengeneza paa na kusogeza matibabu ya macho, basi. Lakini kwa mwanamke aliyekuwa anaambiwa afugie kuku, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Nikigeuka kwa mlinzi wa urithi, namwomba aniambie neno "urithi" alilipata wapi. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inapoeleza kitu cha kale, inasema kiwe kimetengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Dramu ya Babu haimo. Hakuna ofisi iliyowahi kubisha hodi kuiulizia, wala yeye mwenyewe alipokuwa hai na vidole vinatetemeka.

Kisha mtu huyo huyo ananitajia Ngadji. Ngadji ni ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana. Iliporwa na wakoloni, na tangu 1908 iko London, mikononi mwa British Museum, imewekwa stoo. Hiyo ilikuwa mali ya watu wazima kwa watoto, waliokuwepo na watakaozaliwa. Hakuna mtu mmoja aliyekuwa na haki ya kuiuza, na hakuna aliyeulizwa. Premier ya Babu ilitoka Uingereza, ikanunuliwa kwa jasho la mtu mmoja, na mjane wake yuko hai na ana akili timamu. Ukiziweka ngoma hizi mbili kwenye sentensi moja, unaufanya wizi wa Ngadji uonekane biashara, na uamuzi wa Bibi uonekane wizi. Acheni.

Kinachopotea hapa kweli ni kitu ambacho wote wawili hawakukiuliza: nani aliipiga?

Ringo Starr wa Beatles alipiga Premier kabla ya kununua Ludwig mwaka 1963. Hiyo Ludwig iliuzwa mnadani Marekani Desemba 2015 kwa zaidi ya dola milioni 2. Ludwig nyingine ya mwaka huo huo, kiwanda kile kile, mbao zile zile, hupata maelfu machache ya dola. Kinacholeta tofauti si sauti. Ni jina, na karatasi za kulithibitisha.

Kwetu majina hayo hatukuyaandika. Chukua santuri ndogo za Nairobi za miaka ya 1970: karatasi ya katikati ina jina la wimbo, la mtunzi na la bendi. La mpiga dramu, mara nyingi, hulioni. Them Mushrooms walitoa "Jambo Bwana" mwaka 1982, na hadi leo mgeni hamalizi siku ufuoni bila kuimbiwa. Muulize jirani yako nani alipiga dramu. Tuliwacheza usiku kucha hawa wazee, tukaenda nyumbani bila kuwauliza majina. Leo tunalia juu ya mbao na skrubu za Leicester, ilhali yule aliyezikalia nyuma miaka 20 hatuna hata picha yake yenye maelezo.

Msimamo wangu, kwa hiyo, ni huu: uzeni, lakini msiuze bubu. Msing'arishe beji kwa brashi ya waya, msipake rangi, msitoboe. Pigeni picha nje na ndani. Mrekodini mwenye kumbukumbu angali anakumbuka. Andikeni jina la mpigaji, miaka, bendi, hoteli. Nakala moja iende na seti na nyingine ibaki nyumbani. Na seti iuzwe nzima, au isiuzwe.

Bibi ameamua, na uamuzi ni wake. Ametaja hoteli nne na bendi tatu, ametaja hadi rangi ya shati walilovaa Jumamosi, na yote yameandikwa. Atauza. Kwanza atawapa nafasi vijana wa hapa wanaopiga dramu makanisani na kwenye harusi, hata kama watalipa kwa awamu kama Babu alivyolipa. Wakishindwa, iende Leicester ilikotoka, ikiwa na jina la mtu wa Mombasa ndani yake.

Nawe mlinzi wa urithi, hujachelewa. Bei iko juu ya karatasi hiyo hiyo, chini ya jina la Babu. Njoo nayo.