Tusipunguze Vokali kwa Ajili ya Kompyuta

Wako wanaodhani kwamba kitufe cha kibodi hubeba herufi iliyochorwa juu yake. La, hasha. Kitufe kikibonyezwa hupeleka namba yake tu. Jedwali lililomo ndani ya kompyuta ndilo huamua ni herufi gani. Jedwali la pili huipa herufi hiyo namba ya kuihifadhi, na la tatu huichora kwenye kiwambo. Majedwali hayo yasipopatana, maandishi huvurugika.

Mwaka 1963 Wamarekani walitoa jedwali la ASCII, lenye nafasi 128. Kiswahili kilienea humo, hata ritifaa ya neno ng'oa, ambayo ni namba 39. Ritifaa hiyo si pambo: ikiondolewa, ng'oa hugeuka ngoa, yaani wivu. Lakini Kikuyu kina vokali 7, na mbili kati yake huandikwa kwa alama juu: ĩ na ũ. Hizo hazikupata nafasi. Unicode, iliyoanza kutolewa mwaka 1991, imezipa namba 297 na 361.

Kwa utaratibu wa UTF-8, uliobuniwa mwaka 1992, ĩ huhifadhiwa kwa baiti 2, yaani 196 na 169. Kiwambo kilichopangwa kufuata jedwali la zamani la Ulaya Magharibi, ISO 8859-1, husoma kila baiti peke yake na kuonyesha Ä©. Mtumiaji hudhani faili limeharibika, kumbe limesomwa vibaya.

Hapo wengi hukimbilia kuandika i na u tupu, wakisema kwamba msomaji ataelewa kwa muktadha. Hoja hiyo siikubali. Mzungumzaji hodari huenda akaelewa. Mtoto anayejifunza kusoma hubahatisha, na kompyuta itafutayo jina katika orodha huliona kuwa ni jina jingine. Tena dawa yenyewe si ngumu. Katika kiwambo cha maandishi cha Linux, amri ya loadkeys hubadili jedwali la kibodi, na setfont hubadili maumbo ya herufi, ambayo hayazidi 512 kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo mwalimu asiishie kufundisha kupiga chapa. Wanafunzi waandike ĩ, waihifadhi, waifungue kwa majedwali mawili tofauti, kisha waeleze walichokiona. Watafahamu kwamba kasoro imo katika mpango wa mashine, wala haimo katika lugha. Mpango hurekebishwa, lugha isikatwe ili ienee katika jedwali.